Kinga Inayopanda Muheto: Tairi Gani kwa Njia Gani?

Mtu akitoka Goma na kinga yake (ndugu zetu wa Tanzania wanasema baiskeli) akitaka kufika Muheto, katika vilima vya Masisi, anakanyaga nchi mbili tofauti kabisa kabla hajapumzika. Kwanza mawe meusi ya volkano. Kiisha udongo wa mlimani, ule unaoshika mguu mpaka kiatu kinabaki nyuma. Na kama safari yake haiishii hapo, kama anaendelea kupita Masisi-centre na Nyabiondo kuelekea Walikale, anaingia nchi ya tatu, ya msitu, yenye mizizi, magogo na maji. Nchi ni tatu, lakini matairi ni yale yale mawili aliyoyafunga asubuhi.

Mbele ya maduka ya vipuri utasikia kila siku swali moja: "Hii pine ni nguvu?" Muuzaji atajibu ndiyo, maana kazi yake ni kuuza. Swali lenyewe halijakamilika. Nguvu kwa njia gani? Chini ya mzigo gani? Wakati wa mvua ao wa jua?

Katika familia zetu za sehemu za migodi hilo si jambo la mchezo. Kinga ndiyo inayofikisha maharagwe sokoni, ndiyo inayopeleka sabuni na chumvi kwa wachimbaji kule kwenye kare, na mara nyingi ndiyo minervali ya watoto. Tairi likipasuka katikati ya mlima, mzigo wa siku unalala njiani. Gurudumu la mbele likiteleza kwenye mteremko, anayelala njiani ni kijana mwenyewe. Basi tupande pamoja, pole pole, tuone njia inataka nini.

Mawe meusi

Goma imejengwa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimimina moto ndani ya mji mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena, lava ikasimama pembeni mwa mji upande wa kaskazini. Lava ikipoa inakuwa jiwe lenye matundu matundu kama mkate, na kila tundu lina ukingo mkali. Ukifuata lami kuelekea Sake, kilomita 25 hivi, hausikii kitu. Lakini ingia katika kartye, pita njia za mkato, hapo utaona ni kwa nini mafundi wa kinga hawakosi kazi Goma.

Hapa ndipo watu wanadanganywa na meno. Kijana anaona tairi lenye meno marefu, anasema hili ni la mlimani, litashinda mawe. Lava yenyewe ina meno ya kutosha, haihitaji yako. Juu ya mawe makavu na magumu, meno marefu yanapinda, yanachanika kwenye mizizi yake, na kinga inatikisika bure. Kinachotakiwa ni meno mafupi yaliyokaribiana, na zaidi ya yote ubavu mnene, maana lava inakata ubavuni kuliko juu. Kabla ya kutoa pesa, kunja ubavu wa tairi kwa vidole. Ukikunjika kama kitambaa cha shati, tairi hilo liache hapo hapo.

Halafu kuna upepo. Wengi wakipata tundu wanalaumu msumari. Toa mpira wa ndani uangalie vizuri. Ukikuta matundu mawili madogo yaliyokaa pamoja kama alama ya meno ya nyoka, msumari hauna kosa: tairi lilikuwa laini, jiwe likaubana mpira kwenye janti. Dawa ni pompi. Tairi pana la 2.10, kwa mtu mmoja asiye na mzigo, bar 2 mpaka 2.5 zinamtosha. Ukifunga gunia nyuma, ongeza, bila kupita kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Na kama ubavu umekwisha kukatwa, kata kipande cha tairi la zamani, jembamba, ukiweke kwa ndani kati ya tairi na mpira. Kitakufikisha nyumbani. Ni cha kukufikisha tu, si cha kusafiria mwaka mzima.

Tukiwa bado mjini, ambako maduka ni mengi, tusome namba pia. Kinga kubwa nyeusi za zamani huvaa tairi la 28 × 1½. Kinga za mlimani za kawaida huvaa 26 × 2.10 ao karibu na hapo, na mpya zaidi zina 27.5 na 29. Namba hizi zinachanganya watu, kwa sababu matairi mawili yanaweza kuandikwa 28 yote na bado moja likakataa kuingia. Tafuta namba nyingine ndogo pale pale ubavuni, kama 40-635 ao 54-559. Ya kwanza ni upana kwa milimeta, ya pili ni kipimo cha janti mahali tairi linapokaa. Hiyo ya pili ndiyo haidanganyi. Janti ya 635 inataka tairi la 635, wala si 622, hata muuzaji akiapa.

Kupanda kutoka Sake

Ukiacha Sake na ziwa nyuma yako, barabara inaanza kupanda kuelekea Mushaki, na mwili unajua mara moja. Vilima vya Masisi vinafika zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa inapoa, majani ni mabichi, ng'ombe wako kila upande. Ndiyo nchi ya jibini ile inayouzwa Goma ikiwa ya duara. Mtu akiiona mara ya kwanza anaweza kufikiri yuko nchi nyingine kabisa. Kiisha mvua inanyesha, naye anakumbuka yuko wapi.

Tope la huku ni kama bukari isiyoiva vizuri: linashika kila kitu. Linajaa kati ya meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama sahani, kisha linajaa kati ya tairi na uma wa kinga mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo ndipo tairi la mawe, lile la meno mafupi yaliyokaribiana, linapokuwa adui. Tope linataka meno marefu yaliyoachana, ili gurudumu likizunguka litupe udongo lenyewe.

Na si lazima tairi liwe pana. Wengi wanashangaa wakisikia hivyo. Tairi pana linasaidia juu ya mchanga, maana halizami. Lakini katika tope lenye udongo mgumu chini yake, tairi jembamba lenye meno linakata mpaka linapata mahali pa kushika, na linaacha nafasi ya tope kupita kwenye uma. Ndiyo maana ile kinga nyeusi ya zamani, ambayo vijana wanaicheka kwamba ni ya babu, wakati mwingine inapita mahali kinga mpya ya matairi manene imesimama. Toa tu mabamba ya kuzuia matope juu ya magurudumu, maana yanakusanya udongo kama mfuko. Beba na kijiti cha kuchokolea. Punguza upepo kidogo kama hauna mzigo mzito; kama unao, usipunguze, sukuma.

Mteremko

Kupanda kunachosha, kushuka kunaua. Hapa tunaomba wazazi wasome pamoja na vijana.

Kama mfuko una pesa ya tairi moja tu, unalifunga wapi? Karibu kila mtu atajibu: nyuma. Sababu yao inaeleweka. Tairi la nyuma linabeba mzigo, linasukuma kinga, linakwisha haraka kuliko la mbele. Basi jipya linakwenda nyuma, na la mbele linabaki hivyo hivyo mpaka linakuwa kipara.

Sisi tunasema jipya liende mbele. Angalia kinachotokea unapofunga breki kwenye mteremko: uzito wote, wako na wa gunia, unakimbilia mbele. Gurudumu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha, na ndilo peke yake linaloonyesha njia. La nyuma likiteleza, kinga inatikisa mkia, unaweka mguu chini, unapata kusimama. La mbele likiteleza hakuna mguu wa kuweka. Uko chini kabla ya kujua. Kwa hiyo ukinunua tairi moja, hamisha la mbele liende nyuma likamalizie maisha yake huko, na jipya lifungwe mbele. Gharama ni ile ile. Tairi la nyuma linataka mwili wenye nguvu kwa ajili ya mzigo, lakini meno yake yanaweza kuwa nusu. Mtu atasema, je, nitapandaje tope na meno nusu nyuma? Rafiki, na gunia la maharagwe kwenye mlima wa Sake, tope likinyesha, unasukuma kwa miguu hata ungekuwa na meno ya mamba. Lakini nyuzi zikianza kuonekana juu ya tairi, mbele ao nyuma, limekwisha. Usilifanyie hesabu nyingine.

Jambo moja zaidi kwa wenye kinga zenye janti ya chuma: janti hiyo ikilowa, breki zinateleza juu yake kama sabuni. Kabla ya kuanza kushuka katika mvua, gusa breki pole pole mara kadhaa ili ukaushe janti. Tairi zuri halisimamishi kinga ambayo breki yake haishiki.

Kuna vijana huko California, Marekani, ambao walijifunza habari hizi kwa kuanguka. Mwaka 1976, karibu na mji mdogo wa Fairfax, walianza kushindana kushuka njia moja ya mlimani: mita 400 hivi kwenda chini katika zaidi ya kilomita tatu tu. Walitumia kinga nzito za zamani za Schwinn zenye matairi manene, 26 × 2.125, kwa sababu matairi membamba hayakuvumilia mawe yale. Breki ya ndani ya gurudumu la nyuma ilipata moto mpaka mafuta yake yakageuka moshi, na kila baada ya kushuka walipaswa kuifungua na kuijaza grisi upya. Ndiyo maana njia ile inaitwa Repack, yaani kujaza tena. Kutoka mashindano yale ya vijana ndiko kulikotoka kinga ya mlimani tunayoiona leo, na ule upana wa matairi yake.

Lakini sisi huku hatukungojea California. Miaka ile ile ya 1970, katika milima ya Kivu, chukudu ilikuwa inashuka na viazi, makala na mbao. Mgeni akiuliza chukudu ni nini, mpeleke kwenye ile rompwe ya Goma yenye sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Ni mbao mtupu, magurudumu mawili, usukani, na ubao wa kuweka mzigo ambao unaweza kufika kilo 400 na zaidi. Kupanda, mwenyewe anasukuma. Kushuka, anapiga goti moja juu ya ubao na kuiachia njia.

Tairi lake sasa. Fundi anachonga gurudumu la mbao, anaweka rulma katikati, kisha analizungushia ukanda uliokatwa kwenye tairi la zamani la gari na kuupigilia misumari. Halina upepo, basi halipati tundu. Kwa lava, chukudu ilikwisha kujibu swali la tairi zamani sana, bila duka. Breki nayo ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa mguu kinasugua. Wakati wa jua kinashika vizuri. Mvua ikinyesha, mpira juu ya mpira uliolowa haushiki, na mwenye chukudu mzoefu anajua hilo: anaanza kukanyaga mapema, juu kabisa, kabla mzigo haujapata mbio. Anayeanza kukanyaga akiwa katikati amechelewa. Na ukanda wenyewe uchunguzwe kila asubuhi. Msumari mmoja ukitoka, ukanda unaanza kuinuka, na ukanda ukijifunga kwenye uma kwa mbio ile, mzigo unampita mwenyewe.

Mpira ulitoka wapi

Tairi la zamani lililopigiliwa misumari kwenye gurudumu la mbao lina historia inayotuhusu. Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa wanyama John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya kinga ndogo ya mtoto wake. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, wakatoa tairi la kinga linaloweza kutolewa na kutengenezwa njiani. Ulaya yote ikataka kinga, na kinga zikataka mpira. Mpira ulikuwa msituni Kongo, ndani ya kamba za porini, na nchi wakati ule ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 mpaka 1908. Watu wa Ekwateri na sehemu nyingine walilazimishwa kuleta vikapu vya mpira kwa kiboko, na wake zao kufungwa mpaka kikapu kijae. Wengi sana walikufa. Kabla ya koltani kulikuwa na mpira. Ulimwengu uliokuwa unatembea kwa raha juu ya upepo haukuuliza sana umetoka wapi. Vijana wa migodini wanaposikia kwamba madini ya Rubaya yanaingia ndani ya telefoni za ulimwengu, wajue kwamba babu zao walikwisha kuona habari ya namna hiyo, na ilianza na tairi la kinga.

Muheto yenyewe

Kwa Kinyarwanda umuheto ni upinde wa mishale, na anayefika Muheto miguu inatetemeka anaweza kukubali kwamba ametupwa na upinde. Ni mahali pa kilimo na ng'ombe, na njia zake zinakutana na zile za wachimbaji wa upande wa Rubaya. Miaka ya karibuni njia hizi zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi juu ya vita. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Goma mwishoni mwa Januari 2025. Wakati gari zinaposimama, kinga, chukudu na mgongo wa mama ndivyo vinavyobaki, na hapo ndipo tairi linapokuwa jambo la chakula kabisa.

Mwezi wa Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya kinga za barabarani, mara ya kwanza katika Afrika, na vijana wengi wa Kivu waliona picha za matairi yale membamba yasiyo na meno. Ni mazuri kwa lami ya Kigali. Na tusisahau kwamba nyuma ya kila timu kulikuwa na gari lenye magurudumu ya akiba. Wewe ukienda Muheto, gari lako la akiba ni mfuko mdogo: vipande vya mpira na gundi, pompi, mpira wa ndani mmoja, kipande cha tairi la zamani.

Kama unaishi huku milimani na hauendi Goma ila mara moja kwa mwezi, chagua tairi la tope, la meno marefu, walau mbele. Litakula haraka kwenye lami ya Sake, lakini lami haikuangushi. Kama unaishi Goma na unapanda mara chache, chagua meno ya wastani na ubavu mnene, na siku za mvua kubwa, Septemba mpaka Desemba na tena Machi mpaka Mei, usione haya kuteremka na kutembea pembeni ya kinga yako.

Kuelekea msituni

Kwa wanaoendelea Walikale, maneno machache tu. Msituni adui ni mti uliolowa: mizizi juu ya njia, na magogo ya daraja. Hapo meno hayasaidii. Mti uliolowa unashikwa na mpira laini wenye upepo kidogo, unaolala juu yake, si na mpira mgumu. Mizizi ikatwe kwa pembe ya msalaba, gurudumu likiwa wima, bila breki na bila kugeuza usukani juu yake. Kwenye magogo, tairi jembamba linaweza kuingia katikati ya magogo mawili na kubanwa. Hapa, na hapa tu katika safari yetu nzima, tairi pana ni bora kabisa. Ukiona mwanya, shuka. Na kule ndani zaidi, wakati kasiterite ya Bisie ilipokuwa ikitoka kwa wachimbaji wadogo, gunia za kilo 50 hivi zilitembea juu ya migongo ya watu mwendo wa siku mbili mpaka Njingala. Kwenye njia ya namna ile mguu ndio ulikuwa tairi.

Halafu, katikati ya msitu ule ule, ukipita Walikale-centre kuelekea Mubi, unakuta lami. Pale Kilambo ni lami nzuri, imenyooka, hata ndege za kubeba madini zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe, watu wakisogea pembeni na mizigo yao. Mwenye kinga aliyetoka kwenye mizizi anasikia meno ya matairi yake yanavuma kama nyuki. Anasimama, anatoa pompi, anarudisha upepo ule alioutoa msituni.